Katarina Srebotnik, Bingwa wa Kucheza na Mwenzake

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi mbele ya vijana wetu wa tenisi, wazazi wao na makocha wenzangu, siku tuliyofunga mazoezi ya likizo. Wazazi kadhaa walikuwa kazini, wakaomba waisome. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimeondoa pale nilipowaita watoto wawili waliokuwa wakirushiana mipira nyuma ya jukwaa.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Makocha, poleni na kazi. Na nyinyi vijana, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo?

Haya. Naanza na swali, na jibu nataka la mikono. Nani anamjua Serena Williams? Mikono yote, hata ya bibi pale mbele. Nani anamjua Naomi Osaka? Wengi. Nani anamjua Katarina Srebotnik?

Naona makocha wawili tu, na mmoja wao nilimwambia jana.

Basi huyo msiyemjua ana mataji sita ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Sita! Amewahi kuwa namba moja duniani. Huyo Serena mnayemjua nyote, Katarina alimtoa Paris kwa seti mbili bila jibu. Ametwaa mataji Paris, New York, Melbourne na London, yaani katika mashindano yote manne makubwa. Na bado hatumjui. Kwa nini? Kwa sababu mataji yote hayo sita aliyachukua akiwa na mtu pembeni yake. Alikuwa mchezaji wa wawili wawili, na mchezo wa wawili wawili dunia huutazama wakati ikisubiri mchezo mwingine uanze.

Leo nataka kumsema mtu huyu. Nimemchagua makusudi. Kila mwisho wa likizo mzazi hunijia na kuniuliza, kocha, mwanangu mbona unamchezesha na mwenzake, mbona humwachi acheze peke yake aonekane? Jibu langu la mwaka huu ni Katarina.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1981 katika mji wa Slovenj Gradec, kaskazini mwa Slovenia. Wakati huo Slovenia haikuwa nchi, ilikuwa jimbo la Yugoslavia. Tarehe 25 Juni 1991 ikajitangazia uhuru, jeshi la Yugoslavia likaingia, wakapigana siku kumi, wakaacha. Katarina alikuwa na miaka kumi. Kwa hiyo bendera aliyoichezea maisha yake yote, wakati anashika raketi kwa mara ya kwanza ilikuwa haijashonwa.

Nchi yenyewe ni ndogo. Watu kama milioni mbili tu, milima mingi, theluji nyingi, na mashujaa wao wengi ni wale wa kuteleza kwenye theluji. Lakini tenisi ya wanawake walikuwa nayo kabla yake. Mima Jaušovec, binti wa Maribor, alikuwa ameshinda Paris mwaka 1977 akiichezea Yugoslavia, tena peke yake. Watoto wa kike wa kule walikua wakijua kwamba jambo hilo linawezekana kwa mtu wa kwao. Hilo tu kwa mtoto ni mtaji.

Sasa sikilizeni wazazi. Mwaka 1998 Katarina ana miaka 17, anaingia fainali ya wasichana Wimbledon, yale mashindano makubwa ya London. Upande wa pili wa wavu yuko msichana wa Ubelgiji wa miaka 15, anaitwa Kim Clijsters. Katarina anamshinda, 7–6, 6–3. Bingwa wa vijana wa Wimbledon!

Mzazi yeyote hapa, mwanawe angefanya hivyo, angekuwa ameshapiga hesabu. Angeota nini? Angeota namba moja, mataji makubwa na jina kwenye kila gazeti. Na hesabu hiyo ilitimia kweli, ila ilitimia kwa yule aliyeshindwa. Kim Clijsters akawa namba moja duniani, akachukua mataji manne makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Katarina, mshindi wa siku ile, nafasi ya juu kabisa aliyowahi kufika katika mchezo wa mmoja mmoja ni ya 20, mwaka 2006. Katika mchezo huo alichukua mataji manne ya mashindano ya kulipwa ya wanawake, la kwanza Estoril, Ureno, mwaka 1999. Ishirini bora duniani! Hapa kwetu mtu wa namba 20 duniani tungempa barabara. Lakini kwa macho ya waliomwona akimshinda Clijsters, ni kama alipotea njia.

Je, alipotea?

Nawauliza tena, alipotea?

Mwaka mmoja tu baada ya Wimbledon ile ya vijana, Juni 1999, msichana huyu wa miaka 18 anaingia kwenye mchezo wa mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume upande mmoja, Roland Garros, Paris. Mwenzake ni Piet Norval wa Afrika Kusini, mtu mzima wa miaka 29, ambaye mwaka 1992 Barcelona alikuwa ametwaa medali ya fedha ya Olimpiki pamoja na Wayne Ferreira. Wanacheza mpaka fainali. Huko wanawakuta Larisa Neiland na Rick Leach, watu waliobobea katika mchezo huo kabla Katarina hajamaliza shule. Wanawashinda. Taji la kwanza la Grand Slam, miaka 18.

Nataka mfikirie jambo moja hapo. Mtu mwenye medali ya Olimpiki anasimama upande mmoja na msichana wa miaka 18, na kila mpinzani mwenye akili atampiga nani? Atampiga yule mdogo. Mipira yote itakwenda kwake. Ndivyo mchezo wa wawili ulivyo, hauna huruma: wapinzani humtafuta yule wanayemdhania dhaifu, wakamganda mpaka avunjike. Kama alivunjika, jozi isingefika fainali. Kwa hiyo hakuvunjika. Simhitaji mtu aliyekuwepo anithibitishie.

Hapa nataka nikae kidogo, maana wazazi wengi hudhani mchezo wa wawili ni mchezo wa mmoja uliokatwa nusu. Wanasema, si unakimbia nusu ya uwanja tu?

Tupige hesabu. Uwanja wa mchezaji mmoja una upana wa mita 8.23. Wa wawili wawili, ukiongeza zile njia mbili za pembeni, unafika mita 10.97. Urefu haubadiliki, mita 23.77. Gawanya upana kwa watu wawili, kila mmoja ana mita tano na nusu hivi. Rahisi, eti? Ukicheza peke yako unalinda mita nane, hapa unalinda tano.

Sasa mpira ukipita katikati, ni wa nani?

Hapo ndipo mechi nyingi za wawili huishia. Nyote mmeona. Wawili wanautazama mpira, mmoja anasema nilidhani wako, mwingine anasema nami nilidhani wako. Au wote wawili wanauvamia, raketi zinagongana. Mmewahi kuona watu wawili wakipitisha kitanda kwenye mlango mwembamba? Wakiwa hawajapatana, mmoja anavuta, mmoja anasukuma, na anayeumia vidole ni yule asiyekuwa na kosa. Wakipatana, kitanda kinapita na hakuna aliyesikia kelele.

Na kupatana huko hakumalizwi chumbani kabla ya mechi. Kunaanza upya kila pointi. Yule aliye wavuni huweka mkono mgongoni na kumwonyesha mwenzake anayesevu, yaani anayeanzisha mpira: nitakaa hapa, au nitakatiza kwenda upande wa pili. Anayesevu akiona ishara ya kukatiza, anajua kwamba akishasevu lazima akimbilie ule upande unaobaki wazi. Akisahau, nusu ya uwanja haina mtu. Ni uamuzi wa sekunde moja na nusu, pointi baada ya pointi, saa nzima na zaidi. Na usisahau mkono. Ukicheza na mwenzako wa mkono wa kulia kama wewe, mpira wa katikati humwangukia mmoja wenu kwenye mkono wake wa nguvu, kwa hiyo mara nyingi ni wake. Ukicheza na wa mkono wa kushoto, kila kitu kinageuka: ama nyote wawili mna mkono wa nguvu katikati, ama nyote wawili mnao pembeni. Lazima mkubaliane upya.

Kwa nini nawachosha na habari ya mikono? Kwa sababu Katarina, mtu wa mkono wa kulia, alishinda mataji makubwa na Bob Bryan, wa mkono wa kushoto. Akashinda na Nenad Zimonjić, wa mkono wa kulia. Akashinda na Daniel Nestor, wa mkono wa kushoto. Wanaume wanne tofauti, ukimweka na Norval, na kila mmoja alipata naye taji. Nadhani hapo ndipo ulipo umahiri wake hasa. Wapo wachezaji wakubwa wa wawili ambao walikuwa wakubwa na mtu mmoja tu. Katarina alikuwa mkubwa na karibu kila aliyesimama naye.

Nawapa kisa cha pacha. Bob na Mike Bryan wa Marekani mnawajua? Hawa ni ndugu waliofanana hata mama yao nadhani alikuwa akiangalia raketi iko mkono gani. Pamoja walichukua mataji 16 ya Grand Slam ya wanaume wawili wawili. Sasa, katika mchezo wa mchanganyiko pacha hawawezi kucheza pamoja, kila mmoja anatafuta mwanamke wa kucheza naye. Mwaka 2002 New York, Katarina yuko na Bob. Fainali wanakutana na nani? Mike, akiwa na Lisa Raymond. Ndugu kwa ndugu, pacha kwa pacha. Seti mbili, zote mbili zinafika sita sita na kuamuliwa kwa pointi chache za mwisho, ndiyo taibreki, zote mbili Katarina na Bob wanapoteza. 7–6, 7–6.

Fainali ya Grand Slam ikikutoka kwa taibreki mbili unalala vipi? Sijui. Najua walichofanya. Mwaka uliofuata, 2003, mahali palepale, Katarina na Bob wakarudi pamoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake wewe ndiwe uliyeniangusha mwaka jana. Wakafika tena fainali, wakapoteza seti ya kwanza 5–7, wakachukua ya pili 7–5, wakamaliza taibreki ya pointi kumi, inayochezwa badala ya seti ya tatu, kwa 10–5. Mabingwa.

Kisa hakijaisha. Mwaka 2008, Paris, Katarina yuko fainali na Zimonjić. Anayewafunga ni Bob Bryan, safari hii akiwa na Victoria Azarenka. Mwezi mmoja baadaye, Wimbledon, Katarina yuko fainali tena, na mwenzake ni Mike. Na upande wa pili? Bob, na Samantha Stosur. Bob anashinda tena, 7–5, 6–4. Kwa hiyo mama huyu amecheza fainali akiwa na pacha mmoja dhidi ya mwingine, na amecheza fainali akiwa na huyo mwingine dhidi ya yule wa kwanza, na mara zote mbili alikuwa upande ulioshindwa! Mimi ningekata tamaa na ukoo mzima.

Mnacheka. Lakini angalieni kilicho ndani ya kicheko hicho. Bob alimshinda, halafu kaka mtu akamwita acheze naye. Watu hawa walikuwa wakishindana vikali na kesho yake wakasimama pamoja. Hilo haliwezekani kwa mtu mwenye kisirani.

Vijana, hili nalisema kwenu, na nalisema kwa sababu juzi hapa tuliona mtu amekataa kumpa mwenzake mkono baada ya mechi. Sitamtaja. Nawapa jina la Daniel Nestor wa Kanada. Mwaka 2003, ile fainali ya New York niliyoisema, aliyekuwa upande wa pili wa wavu akishindwa na Katarina ni Nestor, na Lina Krasnoroutskaya. Mwaka 2006, fainali ya Paris, Katarina na Zimonjić wanashinda 6–3, 6–4. Nani kashindwa? Nestor tena, safari hii na Elena Likhovtseva. Mara mbili katika fainali mbili kubwa. Haya, Januari 2011, Melbourne, fainali ya mchanganyiko: Katarina Srebotnik na mwenzake... Daniel Nestor. Wanawashinda Chan Yung-jan na Paul Hanley, 6–3, 3–6, na taibreki 10–7. Nestor aliyeshindwa naye mara mbili alikwenda kusimama naye upande mmoja.

Ungekuwa wewe ndiye Nestor, ungemtaka mtu anayekudhihaki akishinda? Ungemtaka mtu anayemgombeza mwenzake mbele ya watu? Katika tenisi ya wawili, kila mechi unayocheza ni usaili wa kazi ya mbele, na anayekusaili ni mpinzani wako.

Sasa Zimonjić. Huyu ni Mserbia, mzaliwa wa Belgrade, uliokuwa mji mkuu wa Yugoslavia. Nimewaambia Slovenia ilivyopata uhuru mwaka 1991: kwa kupigana na jeshi lililoamriwa kutoka Belgrade. Katarina na Zimonjić walizaliwa nchi moja, wakakua wakaona nchi hiyo ikivunjika vipande vipande. Na haikuwa imemaliza kuvunjika. Mashindano ya Paris ya mwaka 2006 yalianza mwishoni mwa Mei. Tarehe 3 Juni, mashindano yakiwa yanaendelea, Montenegro ikajitangazia uhuru, na ile Serbia na Montenegro ambayo Zimonjić aliingia akiichezea ikafa. Siku chache baadaye Mslovenia na Mserbia wakanyanyua kombe moja.

Sitaki kulikuza jambo hili kuliko lilivyo. Hawakuwa wajumbe wa amani, walikuwa wachezaji wanaotafuta ushindi, na kila mmoja alimchagua mwenzake kwa sababu ni hodari. Faida moja, nadhani, ni kwamba walielewana lugha, na mpira wa katikati haungoji mkalimani. Lakini sisi tunaotoka katika nchi ambazo jirani humtazama jirani kwa jicho la pembe, tunaweza kuwatazama kidogo.

Na jozi hiyo ilikuwa jozi! Fainali za Paris: 2006 wameshinda. 2007 wameshindwa na Nathalie Dechy na Andy Ram. 2008 wameshindwa, nimewaambia na nani. 2010 wamerudi, wameshinda. 2011 wamerudi tena, wameshindwa na Casey Dellacqua na Scott Lipsky kwa taibreki. Fainali tano katika miaka sita, mashindano yaleyale, mtu yuleyule.

Ile ya 2010 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Walicheza dhidi ya Yaroslava Shvedova na Julian Knowle. Seti ya kwanza wamepoteza 4–6. Ya pili wamefika taibreki, wakiipoteza hiyo mechi imekwisha. Wakaichukua. Mkigawana seti, katika mchezo huo hamchezi seti ya tatu, mnacheza taibreki ya kufikia pointi kumi, na lazima mshinde kwa tofauti ya mbili. Ilifika tisa tisa. Tisa tisa, wazazi! Baada ya kupoteza fainali mbili mfululizo palepale, 2007 na 2008. Mkono unatetemeka, mwenzako yuko wavuni, mkono wake uko mgongoni anakuonyesha ishara, nawe lazima uiamini. Wakamaliza 11–9.

Nimefika kwa Květa Peschke, na hapa kuna watu wazima nataka wanisikilize.

Katika mchezo wa wanawake wawili wawili, Katarina alikuwa amecheza na wengi. Alianza na Mslovenia mwenzake Tina Križan, aliyemzidi miaka saba, ambaye alicheza naye na kuchukua naye mataji. Baadaye wakaja wengine wa mataifa mbalimbali. Akiwa na Ai Sugiyama wa Japani, mwaka 2007 alifika fainali ya Paris akapoteza, akafika fainali ya Wimbledon wiki chache baadaye, akashinda seti ya kwanza 6–3, akapoteza zilizofuata kwa Cara Black wa Zimbabwe na Liezel Huber. Mwaka 2010 yuko na Peschke, Mcheki, fainali ya Paris, na upande wa pili wamesimama Venus na Serena. 6–2, 6–3 kwa wale dada. Fainali tatu kubwa za wanawake, sifuri.

Peschke alizaliwa mwaka 1975. Mwaka 2011 wanapoingia Wimbledon, anakaribia kutimiza miaka 36. Hapa kwetu mchezaji wa miaka 36 anaulizwa bado unacheza? Wakafika fainali. Wapinzani ni Sabine Lisicki na yuleyule Samantha Stosur aliyemnyima Katarina kombe mwaka 2008. Tarehe 2 Julai 2011. Mechi haikuwa ngumu hata kidogo: 6–3, 6–1. Kwa kiwango walichocheza, nawahurumia wale wengine. Na msimwone Stosur kuwa alikuwa amechoka au amekwisha. Miezi miwili baadaye alimshinda Serena katika fainali ya New York ya mchezaji mmoja mmoja.

Jumatatu, tarehe 4 Julai, orodha mpya ikatoka. Namba moja duniani katika mchezo wa wawili: Katarina Srebotnik na Květa Peschke, pamoja, nafasi moja. Miaka 13 baada ya lile kombe la wasichana, kwenye nyasi zilezile za Wimbledon.

Sasa fedha, maana najua baba mmoja pale anaisubiri. Siku hiyohiyo ya tarehe 2 Julai, Petra Kvitová alishinda Wimbledon peke yake. Zawadi yake pauni 1,100,000. Zawadi ya Katarina na Peschke pauni 250,000, wagawane. Chini ya robo, halafu nusu ya hiyo. Sitawapamba uongo: mchezo wa wawili haulipi kama wa mmoja. Mtu akikwambia unalipa sawa, muulize anauza nini. Lakini nani hapa amepiga hesabu ya upande wa pili? Wanawake wangapi duniani wamepata kuishi kwa raketi kwa miaka ishirini? Katarina alikusanya mataji 39 ya wanawake wawili wawili. Huyo ni mtu aliyekuwa na kazi, kazi ya kweli, mwaka hadi mwaka, kwa sababu kila msimu ulipoanza kulikuwa na mtu anayepiga simu kutaka kucheza naye. Na Peschke waliachana, kila mmoja akaenda kucheza na wengine, mwaka 2013 Katarina akashinda Miami na Nadia Petrova, kisha yeye na Peschke wakarudiana bila matata. Kuagana vizuri nako ni sehemu ya kazi.

Kuna watakaosema alikimbilia wawili wawili kwa kuwa peke yake hawezi. Ndiyo maana nimemweka Serena mwishoni. Mwaka 2008, Paris, raundi ya tatu, mchezo wa mmoja mmoja. Serena Williams wakati huo ana mataji manane makubwa, mojawapo ni la palepale Paris, la 2002. Katarina Srebotnik 6–4, 6–4. Kwaheri Serena. Katarina akaendelea hadi raundi ya nne, akatolewa na Patty Schnyder. Na katika mashindano hayohayo, siku zilezile, alikuwa akicheza mchanganyiko mpaka ile fainali aliyoipoteza kwa Bob Bryan. Alikuwa anaweza. Yale mazoezi ya wavuni, ya sevu inayowekwa pale ulipotaka, ya kurudisha mpira chini kwenye miguu ya mtu, hayaachwi nje ya geti unapoingia uwanjani peke yako.

Mtaniuliza, Slovenia ni mbali, sisi inatuhusu nini? Sitawarudishia methali ya kidole kimoja na chawa, mnaijua. Nawaambia habari ya dada yenu Angella Okutoyi. Mwaka 2022, Wimbledon, wasichana wawili wawili. Angella wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali wanapoteza seti ya kwanza 3–6, wanachukua ya pili 6–4, wanakwenda taibreki ya pointi kumi. Ilikwisha ngapi? 11–9. Ndiyo, hesabu ileile ya Katarina na Zimonjić! Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana, na alilipata akiwa na Mholanzi pembeni yake. Na mmoja wa wale walioshindwa nao siku hiyo alikuwa Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo, anayeichezea Kanada, ambaye mwaka 2025 alimshinda Osaka katika fainali ya Montreal. Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa mwanao anacheza wawili wawili, usiulize ataonekana lini. Muulize amecheza na nani, na kama huyo mwenzake angependa kucheza naye tena.

Nimemaliza. Mechi za mchana zinaanza saa nane, zote ni za wawili wawili. Majina yamebandikwa pale mlangoni, na nimehakikisha hakuna aliyepangwa na rafiki yake, kwa hiyo msije kunibembeleza. Wawili wasiopeana mikono juzi wako jozi moja, uwanja namba mbili.

Haya, maswali. Mama uliye nyuma kule, naona umenyanyua mkono tangu habari ya fedha. Karibu.